Jicho la Pili la Fitawrari

Jicho lile liliondoka Jumanne asubuhi, kati ya saa nne na saa tano, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ngazi.

Kanisa la Mariamu la Dengeza ni la duara, na picha zake ziko kwenye ukuta wa ndani, ule unaozunguka patakatifu. Zimechorwa juu ya vitambaa vya pamba vilivyobandikwa ukutani. Moshi wa ubani na mishumaa wa miaka tisini na kitu ulikuwa umezifanya nyeusi kama matako ya sufuria, na kabla paa la nyasi halijabadilishwa kuwa la bati, mvua nayo ilikuwa imefanya yake. Ofisi ya mambo ya kale ikamtuma Fisseha azirudishie hali yake. Mimi nilikuwa dereva wake, mfunga jukwaa wake la miti, na siku za mfungo, ambazo kule ni nyingi kuliko siku za kula nyama, nilikuwa pia mpishi wake.

Fisseha alikuwa kijana wa mjini, mwembamba, mwenye mikono ya fundi saa. Kazi hii alikwenda kuisomea ng'ambo miaka minne. Alirudi na sheria mbili ambazo alizisema mara kwa mara kama mtu anayehesabu tasbihi. Usiongeze kitu ambacho atakayekuja baada yako hatoweza kukiondoa. Na usibuni: kilichopotea kimepotea.

Siku ya kwanza tu alikorofishana na Merigeta Engida. Merigeta ni cheo cha mwalimu wa nyimbo za kanisani, lakini mzee yule alikuwa pia mchoraji, mtoto wa mchoraji, mjukuu wa mchoraji aliyechora ukuta ule ule. Alikuja amejifunga shuka lake jeupe, akatazama masanduku yetu ya pamba na chupa, akauliza kwa nini tunajisumbua. Yeye na wanafunzi wake wangebandika kitambaa kipya na kuchora upya, Mariamu yule yule, malaika wale wale, kwa miezi mitatu. Ndivyo ilivyofanywa siku zote picha ikichakaa.

Fisseha akamwambia, kwa heshima lakini bila kupepesa, kwamba hiyo ni kuua picha. Mzee hakukasirika. Aliuliza hivi: nguo ya Mariamu ikichanika, utamwacha avae matambara kwa sababu ni ya zamani?

"Ukiichora upya, mzee wangu, si ile tena."

"Wewe unamtunza mchoraji," akasema Merigeta. "Mimi namtunza Mariamu."

Halafu akaondoka, na kwa wiki saba hakukanyaga pale. Alikuwa na haki ya kununa. Lakini nikikumbuka yaliyotokea, naona tulipaswa kumfuata nyumbani kwake na kumwomba radhi, hata kwa magoti.

Miguuni pa Mariamu, chini kabisa, alichorwa mtu aliyelala kifudifudi, mrefu kama mkono kutoka kiwiko, na juu yake jina: Fitawrari Admasu. Fitawrari ni cheo cha vita cha zamani. Ndiye aliyejenga kanisa. Uso wake ulioinuliwa ulitutazama kwa macho mawili, lakini Fisseha alipousafisha moshi na kuumulika kwa taa ya pembeni aliona kitu. Nusu ya kushoto ya uso ilikuwa ya rangi nyingine, ya kung'aa, rangi ya dukani, na shavu lilikaa vibaya kama kiraka cha suruali. Chini ya kiraka kulikuwa na uso mwingine wa zamani, uliogeuzwa ubavu. Pua imechongoka, jicho moja.

Kule hata mtoto anayechunga ndama anajua maana yake. Watakatifu na watu wema huchorwa uso mzima, macho mawili. Yuda, Herode, askari waliompiga Yesu kofi, shetani mwenyewe, hao huchorwa ubavu, jicho moja.

Fisseha alicheka, akanigeukia mimi. "Umeona, mzee wangu? Bwana mkubwa alijinunulia jicho."

Hakuwa mjinga kusema hivyo. Wakubwa wa zamani walifanya hayo. Ng'ombe wawili wakipelekwa kwa mchoraji, jicho linapatikana. Na Fisseha, ambaye babu yake alikuwa mtumishi wa mkubwa wa aina hiyo, alifurahi. Nilimwona. Alikwenda kwa aleka, padri mkuu wa pale, akamwomba saini kwenye karatasi iliyosema ataondoa nyongeza za baadaye. Aleka, ambaye miwani yake ilikuwa imevunjika tangu sikukuu ya Msalaba, alitia saini.

Basi Jumanne hiyo alipiga picha kwanza, kama alivyofanya kila hatua. Akachovya pamba kwenye spiriti, akaizungusha polepole, akabadilisha pamba, akazungusha tena. Jicho lilitoka jeusi, likatoka kahawia, kisha pamba zikaanza kutoka nyeupe. Zile chafu alizitia kwenye chupa yenye nambari, maana watu wa kazi yake hawatupi kitu mpaka ripoti iandikwe. Alishuka akiwa na uso wa mtu aliyemshinda hakimu.

Siku za kazi watu hawakuruhusiwa kufika ukutani, lakini Jumapili walikuja kusali. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wakifika mbele ya ukuta, wanasimama, wanatazamana, wanasogea. Kisha akaja Emahoy Tiruwerk.

Emahoy ni jina la mama mtawa. Huyu alikuwa na miaka sabini na nane, akiishi kwenye kibanda cha udongo ndani ya uzio wa kanisa, na alikuwa mjukuu wa Fitawrari, wa mwisho aliyebaki. Kila asubuhi kwa miaka arobaini alikuwa akibusu ukuta chini ya babu yake na kumwombea. Macho yake yalikuwa yamekwisha, akiona tu kitu kilicho mbele ya pua. Akaukaribia ukuta kama kawaida, akabusu, akainua uso.

"Nani amemfumba babu yangu jicho?"

Hakusema kwa sauti. Lakini kanisa zima lilimsikia.

Mchana ule Merigeta alikuja, na hakuja kugombana. Alikaa juu ya sanduku letu la vifaa akasimulia, na kadiri alivyosimulia ndivyo Fisseha alivyozidi kujikunyata.

Fitawrari Admasu aliwanyang'anya ardhi watu wa nyumba saba kwa mashahidi wa uongo. Wakafukuzwa wakati wa njaa, na mama mmoja wa miongoni mwao alifia njiani. Kisha akajenga kanisa, akaamuru achorwe miguuni pa Mariamu, akaenda vitani. Babu yake Merigeta alimchora kama alivyomwona: ubavu. Fitawrari aliporudi kutoka vitani na kujikuta ukutani na jicho moja, watu walisubiri kuona mkono wa mchoraji unakatwa. Yeye alisimama pale mpaka mishumaa ikaisha. Halafu akauliza nani anasema hivyo juu yake, na wazee wa nyumba saba wakasimama.

Akarudisha ardhi. Padri aliyemwungamisha akampa adhabu, naye akaipokea: miaka saba alibeba maji kutoka chemchemi, mtungi mgongoni kama wabebavyo wanawake, nyumba moja kila siku, nyumba saba kwa wiki. Mtu aliyekuwa akipanda nyumbu mwenye hatamu za fedha. Mwaka wa saba ulipoisha, wale wa nyumba saba walikaa wakakubaliana, wakamwita baba yake Merigeta, wakamwambia amwongezee jicho.

"Rangi walichanga wao," alisema Merigeta. "Walikwenda sokoni. Ndiyo maana ni ya dukani. Wewe ulidhani amelinunua yeye. Walilinunua wao."

Mimi pale nilishikwa na aibu yangu binafsi. Tangu wiki ya kwanza nilikuwa nikienda kuoga kwenye chemchemi ile, na watu wote wanaiita Maji ya Fitawrari. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nimezunguka nchi nyingi, nikajiona mtu wa kuuliza.

Fisseha alimwomba Merigeta alichore tena. Picha ya kamera alikuwa nayo, angempa kila kipimo. Sheria zake mbili hakuzitaja kabisa. Mzee akatikisa kichwa. Baba yake hakutoa jicho, alisema, aliambiwa tu achore. Waliotoa ni wale saba.

"Wamekufa, mzee."

"Wana wajukuu. Waite."

Walikutana siku ya Mariamu, tarehe ishirini na moja, kwenye nyumba ya langoni ambako makasisi hula baada ya ibada. Mkate wa tezkari ya mtu mwingine, yaani karamu ya kumkumbuka marehemu, ulikuwapo, na pombe ya shayiri, kwa hiyo walikuja wote. Nyumba sita zilikubali kabla bilauri hazijajazwa mara ya pili. Bibi mmoja alisema yeye alimsamehe Fitawrari tangu hajazaliwa, sembuse leo ambapo ana mafua na anataka kwenda kulala. Watu wakacheka, na Emahoy, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akatabasamu kidogo.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Wubetu. Mwanamume wa miaka sitini hivi, mpana, mkulima wa dengu, asiyesema sana. Yule mama aliyefia njiani alikuwa mama wa babu yake. Aleka akamwuliza mara mbili. Mara ya pili akajibu.

"Babu yangu alisamehe ameshika ardhi yake mkononi. Ile ardhi serikali ikaja kuichukua, mimi nikiwa kijana, na leo nalima kipande ambacho ng'ombe akigeuka mkia unaanguka kwa jirani. Yeye alikuwa na cha kusamehe nacho. Mimi nisamehe na nini?"

Wakaanza kumzomea. Mmoja akamwita moyo wa jiwe, mwingine akasema hata dengu zake ni chungu. Wubetu hakuwatazama. Alimgeukia Fisseha.

"Na wewe, bwana wa mjini. Umekuja kutuonyesha ukweli ulio chini. Tumeuona. Sasa mbona unataka tuufunike?"

Kikao kikaisha. Merigeta alisema nyumba sita si saba, na brashi hataishika.

Watu walipotawanyika Emahoy alimfuata Fisseha, akamshika mkono wa shati. Alitaka kujua jicho liko wapi. Si picha yake, jicho lenyewe. Fisseha akaniangalia, kisha akaenda kwenye sanduku akaleta ile chupa yenye pamba chafu. Emahoy akaitikisa karibu na uso wake, akauliza kama ni lote. Ni lote, mama. Basi akamwomba ampe, naye akampa, jambo ambalo kwa kazi yake ni kosa la kufukuzwa. Kesho yake tulimwona amezishonea zile pamba ndani ya kipande cha ngozi, kama hirizi, akakivaa shingoni.

Na kesho yake hiyo hiyo alianza kubeba maji.

Alitafuta mtungi mdogo, lakini hata mtungi mdogo ukijaa ni mzito kwa mtu aliyebaki mifupa. Nyumba moja kila siku, kama babu yake. Zile nyumba sita zilimsihi aache. Wengine walilia. Alikuwa akiweka mtungi mlangoni, anaondoka, wanautia ndani kwa aibu. Siku ya Wubetu ilikuwa Alhamisi. Wubetu hakuuingiza. Mtungi ulikaa nje ya mlango wake wa bluu tangu asubuhi, kuku wakiuzunguka, na jioni Emahoy alirudi, akayamwaga maji pale pale chini, akaubeba mtupu. Kijiji kikaacha kumsalimia Wubetu. Nilimwona akilima peke yake wakati wengine wanasaidiana.

Fisseha hakulala vizuri siku hizo. Ofisi ilikuwa ikimharakisha kwa sababu ya mvua. Mwisho alitumia njia waliyomfundisha kule ng'ambo kwa mahali palipopotea kitu. Kwa rangi za maji na brashi yenye nywele tatu, alichora mistari myembamba iliyosimama, mmoja kando ya mwingine, mamia. Ukisimama mbali, mistari inaungana na unaona jicho na shavu. Ukikaribia, unaona mistari tu, ili asije mtu akadanganyika. Alimweleza kila mtu kwamba kitambaa chenye maji kinatosha kuiondoa, na kwamba hakumdhulumu yeyote, wala Fitawrari wala Wubetu.

Aleka alifurahi mno. Kutoka mlango wa wanaume, macho yalikuwa mawili. Merigeta alisogea karibu, akarudi nyuma, akasogea, akarudi, kama mtu anayecheza ngoma. Akasema msamaha huu ni wa kutazamwa ukiwa mlangoni.

Emahoy alikuja na mtungi wake mgongoni. Akaweka uso ukutani, pale pale pa siku zote.

"Mwanangu, hapa naona mistari."

"Ndiyo, mama. Ni jicho ukisimama mbali."

"Mbali mimi sioni," akasema. Hakulaumu. Aliujaribu mshipi wa mtungi kama umekaza, akatoka, maana ilikuwa Alhamisi.

Tulivunja jukwaa siku mbili baadaye. Mtoni, tukisubiri maji yapungue tuvuke, Fisseha akasema alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Ilikuwa kweli, na ndilo lililokuwa linamuuma.

Mwaka uliofuata, baada ya Krismasi, habari zilifika ofisini kwamba picha ya Dengeza imeharibiwa na mkulima mmoja. Fisseha akapewa barua: aende akaandike uharibifu, na aondoe chochote kilichoongezwa. Tukaenda, mimi na yeye na masanduku yale yale.

Aleka, sasa akiwa na miwani, alitusimulia tukiwa bado tumesimama. Emahoy alibeba maji kipindi chote cha mvua. Alhamisi moja mvua zikielekea kwisha aliteleza kwenye utelezi wa chemchemi, nyonga ikavunjika. Wubetu ndiye aliyemkuta. Mtungi haukuvunjika, ulikuwa umelala ubavu na maji kidogo ndani. Alimbeba mpaka kibandani. Emahoy aliishi siku tisa. Katika siku hizo tisa Wubetu alifika mara mbili hadi uzio wa kanisa, mara mbili akageuka. Emahoy alizikwa kando ya babu yake, na kile kipande cha ngozi shingoni, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukivua. Wakati wa maziko Wubetu alisimama nje ya uzio.

Tezkari yake ya siku ya arobaini ilipokwisha kuliwa, Wubetu aliingia kanisani na ule mtungi na kitambaa. Mashemasi wakadhani amekuja kufanya uovu. Mpaka wamshike alikuwa amekwisha kuifuta ile mistari yote kwa maji. Akakaa chini ya ukuta, akasema aitwe Merigeta.

Merigeta alikuwa na miaka sabini na sita na mkono wake ulikuwa unatetemeka kama jani. Wanafunzi wake wakataka kushika brashi, akawakatalia. Rangi alileta Wubetu, nyeupe na bluu, mabaki ya alipopaka mlango wake.

Tukaingia kuona. Nitasema kweli, lilikuwa jicho baya. Kubwa kupita mwenzake, limepanda juu, la bluu, na halikumtazama Mariamu hata kidogo, lilitazama mlangoni. Fitawrari alionekana kama mtu aliyesikia mbwa wanabweka nje.

Nikafunga ngazi, nikaishika. Fisseha akapanda. Akatoa pamba, akafungua spiriti, na harufu ile ikajaa. Wubetu alikuwa amekuja, amesimama upande wa wanaume, shuka limefunika mdomo. Merigeta alikaa chini akiwa amefumba macho. Hakuna aliyemwomba Fisseha kitu. Pamba ilikuwa mkononi mwake, imekwisha kuloa, naye akalitazama lile jicho mpaka mikono yangu ikaanza kufa ganzi kwenye ngazi.

Halafu akauliza bila kugeuka, "Nani aliyesema lichorwe?"

"Mimi," akasema Wubetu.

"Jina lako kamili?"

"La nini?"

"Naandika."

Wubetu akalitaja: jina lake, la baba yake, la babu yake. Fisseha akafunga chupa, akachukua daftari, akaandika hapo hapo juu ya ngazi. Nilisoma baadaye garini aliposhuka kununua ndimu. Alikuwa ameandika kama anavyoandika kila kitu, kwa mwandiko mdogo wa nukta. Jicho la kushoto, tabaka la tatu. Limetolewa na fulani wa fulani wa fulani, kwa mkono wa Merigeta Engida. Lisiondolewe.

Ofisi haikulipenda neno la mwisho. Walimwambia fundi haandiki amri, anaandika anachokiona. Alikataa kulifuta, na kabla ya Pasaka hakuwa na kazi. Kama wametuma mtu mwingine na pamba yake, sijui. Mimi nami niliondoka upande ule.

Lakini siku ile, tukitoka Dengeza, tulipita mbele ya nyumba ya Wubetu. Mlango wa bluu ulikuwa wazi, na nje yake mtungi mdogo umesimama, umejaa maji, kuku wakiuzunguka. Nikadhani mtu mwingine ameirithi kazi ya Emahoy. Aleka, tuliyekuwa tumempa lifti mpaka sokoni, akasema hapana. Wubetu anayateka mwenyewe kila Alhamisi asubuhi, anauweka pale mlangoni, haruhusu mtu kuyanywa, na jioni anayamwaga.